Shajara ya bendi yetu: pop panki ya Kiswahili kutoka Likoni, Mombasa

Naiandika shajara hii kwa ajili ya kijana aliyeko Kilifi, Tanga au Kisumu mwenye gitaa moja, wenzake watatu na nyimbo kichwani. Sisi tunapiga pop panki, yaani roki ya kasi yenye viitikio vya kuimbika, na hatukuwa na wa kumuuliza. Gharama zote ni kwa shilingi za Kenya, na zote zimetoka mifukoni mwetu. Kila hatua ikikamilika nitaongeza.

14 Januari 2024: Vyombo

Tuko wanne: mimi naimba na kupiga gitaa, binamu yangu anapiga ngoma, halafu kuna gitaa la pili na besi. Tulichanga miezi saba. Ngoma za mtumba, vipande vitano na matuazi mawili, 42,000. Amplifaya ya besi, 18,000. Spika ya sauti na maiki mbili, 21,500. Magitaa tulikuwa nayo. Jumla 81,500.

Ngoma tulizipata kwa mzee aliyepiga mahotelini Diani miaka mingi kabla ya kustaafu. Hili nalisisitiza kwa yeyote wa pwani: usianze dukani. Mahoteli ya huku yamelea wanamuziki wengi, Them Mushrooms wakiwemo, na vyombo vya bendi zilizovunjika bado viko majumbani mwa wazee hao, vimefunikwa shuka. Babu yetu huyu alituuzia ngoma, kisha akakaa nasi alasiri nzima akitufundisha kuziwamba ngozi na kuzikaza skrubu kwa kukingamisha, hii na ile inayoielekea, ili ngozi ivutike sawasawa. Somo lile hakulitoza.

3 Februari 2024: Trei za mayai

Chumba ni stoo ya mjomba, bure. Kuta ni za mawe ya matumbawe, paa ni mabati. Tulikuwa tumesikia kwamba trei za mayai huzuia sauti, basi tukabandika 120 ukutani. Trei na gundi, 2,000.

Siku ya kwanza ya mazoezi hatukumaliza wimbo wa pili. Jirani alisimama mlangoni na mtoto begani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, “Wanangu, sina ugomvi na ngoma zenu, ila huyu halali.” Nilitoka nikasimama uani kwake huku wenzangu wakipiga. Ilikuwa kama ngoma ziko sebuleni kwake.

Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi. Sauti isitoke nje inataka uzito na inataka mianya izibwe. Kuta zetu zilikuwa nzito tangu mwanzo, kwa hiyo trei zote tulizibandika mahali pasipokuwa na tatizo. Sauti ilikuwa ikipita chini ya mlango, kwenye dirisha la mbao na kwenye mabati. Tulichofanya: mlango tuliuongezea ubao wa pili na mpira pembeni, dirisha tukalijengea kwa matofali. Ndani, badala ya trei, tulitundika fremu za mbao tulizozijaza usumba na kuzifunika kwa kitambaa cha magunia. Usumba wa nazi ni rahisi huku, na unameza sauti vizuri kuliko nilivyotarajia. Gharama 9,400. Paa tumeliacha kwa sababu silingi nzito tutaimudu baadaye.

Dawa kubwa zaidi haikuwa na gharama. Tulimwendea jirani na wengine wawili, tukapatana saa: baada ya alasiri, na tunanyamaza kabla ya magharibi. Tangu siku hiyo hatujapata lalamiko.

10 Machi 2024: Kiswahili hakikai

Nyimbo tano za kwanza tulizitunga kwa Kiingereza, kwa kuwa muziki huu tuliusikia kwa lugha hiyo. Zilikaa sawa kwenye mdundo, lakini nilipokuwa nikiziimba nilijisikia mgeni. Sisi huota kwa Kiswahili, hugombana kwa Kiswahili. Tukaamua kuzitupa.

Hapo kazi ikatushinda. Maneno mengi ya Kiingereza ni silabi moja moja, yanaanguka juu ya ngoma kama kokoto. Mimi nina “nitakungojea”, silabi sita, na gari limeshaondoka. Nilijaribu kukata silabi, ikawa lugha iliyovunjika. Nilijaribu kuimba haraka zaidi, nikakosa pumzi.

Kasoro mbaya zaidi ilikuwa ya mkazo. Tulikuwa tunapiga ule mwendo wa kasi wa panki, ngoma kubwa kwenye kila pigo na sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, katikati ya kila mapigo mawili, mapigo 184 kwa dakika. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sneya yetu ilikuwa inagonga silabi ya mwisho. “Bahari” ikatoka kama mtu anayepiga kelele “ri”. Kila aliyetusikia alisema hasikii maneno, nasi tukadhani maiki ni mbovu. Tukanunua nyingine, 3,500, na hali ikabaki vile vile. Maiki haikuwa na hatia. Ikiwa “barabára” ya kupitia magari na “barábara” ya sawasawa zinatofautishwa na mkazo tu, basi ngoma inayohamisha mkazo inaharibu neno lenyewe.

Ramadhani inaingia. Mpiga ngoma na mpiga besi watafunga, tumesimamisha mazoezi.

28 Aprili 2024: Mizani

Hili ndilo lililonifanya nianze kuandika shajara. Mengine yote unaweza kuyaruka.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nyumbani nikiimba polepole na gitaa lisilo na umeme. Shangazi yangu huimba taarabu za harusini. Alinisikiliza kutoka jikoni, akaja, akaniuliza, “Mwanangu, hilo shairi lina mizani ngapi?” Nikamwambia si shairi, ni wimbo wa panki. Akaniambia kama lina maneno lina mizani, nizihesabu. Nikahesabu silabi za kila mshororo kwa vidole: kumi na moja, tisa, kumi na tatu, saba. Akatikisa kichwa akarudi jikoni.

Sote wanne tulisoma ushairi shuleni. Tulihesabu mizani na vina kwa ajili ya mtihani, tukaviacha pale pale kwenye karatasi ya mtihani. Sasa tazama hesabu hii. Kipimo kimoja cha muziki wetu kina mapigo manne. Gawa kila pigo mara mbili, una nafasi nane. Kipande kimoja cha mshororo wa shairi, ukwapi (nusu ya kwanza) au utao (nusu ya pili), kina mizani nane. Vinaingiana bila kusukumwa. Mshororo mzima wa mizani 16 ni vipimo viwili.

Na mkazo? Silabi ya pili kutoka mwisho ni ya saba. Nafasi ya saba ni pigo la nne. Katika mdundo wa kawaida, sneya hupigwa kwenye pigo la pili na la nne. Yaani sneya inaangukia hasa pale ambapo Kiswahili chenyewe huweka nguvu, kila mwisho wa kipande, karibu na kina. Mwambie mpiga ngoma aache mwendo wa sneya ya katikati, apige pili na nne. Basi.

Niliandika ubeti mpya usiku ule:

Feri yetu imejaa, mvua inatunyeshea
Mikononi ni gitaa, kutu yaninyemelea

Kesho yake tuliupiga. Mpiga ngoma alisimama katikati ya wimbo, akaweka vijiti chini. Nilidhani amekosea. Alisema amesikia kila neno.

Mawili matatu ya kuangalia kwa atakayeiga. “M” ya “mtu” ni mizani kamili, lakini ya “mvua” si mizani. Tulichanganya, nyimbo mbili zikaharibika. Irabu mbili zinazofuatana, kama katika “gitaa”, ni mizani mbili, uziimbe zote. Na kasi: mizani nane kwa mapigo 184 ni silabi sita na zaidi kila sekunde, bila mahali pa kuvuta pumzi. Tumeteremka hadi 164.

Kulikuwa na hatari nyingine. Baada ya wiki tatu nyimbo zote zilianza kufanana, kwa sababu kila nafasi ilikuwa imejaa silabi. Tuliponea kwenye msuko, lile shairi ambalo mshororo wake wa mwisho ni mfupi kuliko mingine. Katika kiitikio tunaimba mishororo mitatu kamili, wa nne tunaukata kwenye mizani nane, na kipimo kinachobaki tunawaachia magitaa na watu wapige kelele watakavyo. Wahenga walitengeneza nafasi hiyo kabla yetu.

2 Juni 2024: Kutu

Hewa ya bahari ilikuwa inakula nyuzi. Seti ya gitaa, 850, ilikuwa inakufa ndani ya siku kumi. Ya besi ni 2,800, hatuwezi kununua kila mwezi. Sasa kila mmoja anafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha gitaa kwenye mfuko, na ndani ya mfuko tunatia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Muuza viatu alitupa konzi nzima. Nyuzi za besi zikififia tunazivua, tunazichemsha kwa maji dakika kumi, tunazikausha kabisa. Zinarudia uhai wa wiki mbili tatu. Seti ya gitaa sasa inafika siku 25.

27 Julai 2024: Onyesho la kwanza

Lilikuwa liwe 29 Juni. Wiki ile nchi nzima ilikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na baada ya waandamanaji kuuawa tarehe 25 hakuna aliyekuwa na moyo wa muziki. Tukaahirisha.

Tulitaka onyesho la alasiri, bila pombe, ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuja na mzazi asiwe na wasiwasi. Mfano tuliouiga ni ukumbi wa 924 Gilman Street kule Berkeley, Marekani, uliofunguliwa mwishoni mwa 1986 na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Hauuzi pombe, watoto hawazuiwi, na ndiko walikokulia Green Day. Kwa Mombasa mpango huo unafaa kuliko baa.

Ukumbi 8,000, vyombo vya sauti 6,000. Tiketi 200, waliolipa 63, tukapata 12,600. Hasara 1,400.

Makosa yalikuwa matatu. La kwanza, uzi ulikatika wimbo wa tatu na hatukuwa na gitaa la akiba. Dakika nne za kimya, watu wakaanza kusogea langoni. Sasa tunaazima gitaa la tatu kila onyesho, na besi na ngoma wana kipande chao cha kupiga muda wowote jambo likiharibika. La pili, sikujisikia ninavyoimba, nikapiga makelele, sauti ikanikauka siku tano. Kisa chake: amplifaya za gitaa zilikuwa sakafuni zikielekea miguuni mwetu, kila mtu akawa anaongeza sauti ili ajisikie. Ziinue juu ya viti, zielekee masikioni. Utashangaa jinsi kila mtu anavyopunguza mwenyewe.

La tatu linaniuma. Jina la mpiga gitaa la pili halikuwa kwenye tangazo kwa sababu mimi nililisahau. Hakusema kitu. Mama yake ndiye aliyeniuliza. Matangazo sasa yanasomwa na wote wanne kabla ya kutoka.

8 Septemba 2024: Kurekodi

Tulianza studio ya kulipia, 10,000 kwa wimbo mmoja. Hawakuwa na chumba cha ngoma. Tuliporudi kusikiliza, ngoma zilikuwa za kompyuta na sauti yangu imenyooshwa ikang'ara kama ya mtu mwingine. Ni kazi nzuri kwa muziki wanaoujua wao. Wimbo haukuwa wetu tena, hatukuutoa. Pesa zilikwenda.

Hapo nikajikumbusha kwamba Buzzcocks wa Manchester walikopa takriban pauni 500, wakarekodi na kuchapisha santuri yao ya kwanza wenyewe, ikatoka Januari 1977. Wakati ule ilibidi utafute kiwanda cha santuri. Sisi tuna kompyuta.

Kadi ya sauti ya mtumba yenye matundu mawili ya maiki, 15,000. Programu ya kurekodi, Reaper, leseni ya dola 60, ikaja kama 7,800. Ukumbi wa shule ya msingi Jumapili mbili, 4,000 kwa jumla. Chakula 1,800.

Jumapili ya kwanza ilipotea yote. Kwanza kunguru. Mtu wa Mombasa hawasikii tena, lakini maiki inawasikia. Kila wimbo ulikuwa na kunguru wake. Jumapili ya pili tulianza saa moja usiku, wakiwa wamelala.

Pili, ngoma zilikosa kifua. Maiki moja ilikuwa mbele ya ngoma kubwa, nyingine juu ya bega la mpigaji. Kila moja ukiisikiliza peke yake ni nzuri; ukizichanganya, uzito unatoweka. Ilinichukua siku nne kuelewa. Maiki ya juu ilikuwa mbali na ngoma kubwa kwa takriban mita 1.4 zaidi ya ile ya chini. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo ilichelewa milisekunde nne, na mawimbi mawili yakawa yanafutana. Suluhisho: ndani ya programu, isogeze sauti ya maiki ya juu ianze milisekunde nne mapema, kisha jaribu kugeuza mwelekeo wa wimbi la moja kati yao, uache ile hali yenye besi nene. Dakika mbili za kazi.

Tatu, magitaa. Nilinakili upigaji mmoja nikauweka kushoto na kulia, nikitarajia upana. Ikawa kubwa, haikuwa pana. Lazima upige mara mbili kwa mkono wako, kwa sababu upana unatokana na tofauti ndogo ndogo za mkono. Na punguza mkwaruzo wa amplifaya hadi nusu ya unavyopenda. Magitaa mawili yakijumlika unarudi mkwaruzo wote.

Umaliziaji wa sauti ulifanywa na mtu wa Nairobi, 6,000 kwa nyimbo tatu. Jumla 34,600, ukiacha zile 10,000.

17 Novemba 2024: Kutoa

Msambazaji wa mtandaoni, 3,000 kwa mwaka. Nyimbo zilitoka, zikaingia kwenye ukurasa wa wasanii wengine wa nchi nyingine wenye jina kama letu. Wiki tatu za barua ndipo zikahamishwa, na wiki hizo ndizo watu walikuwa wanatutafuta. Kabla hujachapisha hata tangazo moja, tafuta jina lako kwenye kila jukwaa.

Halafu mgawo. Hatukuwa tumeandika nani anamiliki nini. Nilitunga maneno yote, nikaona wimbo ni wangu. Mpiga ngoma akasema bila yeye ungekuwa bado kwenye daftari. Alisema kweli, na nilichukua wiki nzima kukiri. Tumeandika karatasi moja: robo kwa kila mmoja, kila wimbo, na anayeondoka anabaki na robo yake kwa nyimbo alizopiga. Sahihi nne, shahidi ni mjomba. Andikeni kabla ya wimbo kutoka. Mapato hadi sasa hayajafika dola 12, na bado yalitosha kutugombanisha.

23 Februari 2025: Leso

Fulana tulijaribu Desemba: 11,000, karibu zote saizi kubwa. Nyingi bado ziko chini ya kitanda changu.

Wazo la leso lilikuwa la shangazi. Mita 60 za kitambaa cha marekani kwa 180 kila mita, 10,800. Fremu mbili za kuchapia, 3,000. Wino, 4,200. Jumla 18,000, vipande 40. Leso ina pindo, mji na jina. Pindo tulichora mawimbi, mji feri, na jina tukaandika KUTU YANINYEMELEA.

Kumi za kwanza zilichuja rangi kwenye maji ya kwanza. Wino wa maji unataka joto ili ushike. Zilizobaki tulizipiga pasi kavu ya moto mkali, juu ya karatasi, hatua kwa hatua, kisha tukafua moja kama jaribio kabla ya kuuza. Thelathini zimeuzwa kwa 900, yaani 27,000. Faida 9,000, ya kwanza katika maisha ya bendi hii. Wanunuzi wengi ni kina mama ambao hawajawahi kutusikia. Jina lile wanalisoma kama fumbo la mtu fulani, na wawili wameuliza limetoka wimbo gani.

13 Aprili 2025: Nairobi

Nairobi ina wapenzi wa roki tangu zamani, na bendi kama Crystal Axis imeonyesha kwamba panki ya Kenya inaweza kusimama. Treni, watu wanne kwenda na kurudi kwa 1,500, ni 12,000. Matuazi na magitaa tulibeba mkononi, ngoma tukaazima kule.

Watu waliimba kiitikio nasi mara ya pili tu walipokisikia. Mizani inashikika haraka. Malipo tuliyoahidiwa kwa mdomo ni 20,000, tulipewa 8,000. Sasa hatupandi treni bila nusu kuingia kwenye simu na mapatano ya maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi.

25 Mei 2025: Besi

Mpiga besi amepata kazi Doha. Tulimsindikiza uwanja wa ndege sote, na mama yake alivaa leso yetu. Robo yake iko kwenye karatasi.

Tuliwajaribu watu watano. Aliyechukua nafasi ni dada kutoka Mtongwe aliyekuwa akipiga kinanda katika kikundi cha taarabu. Besi ameianza miezi sita tu iliyopita, lakini alihesabu mizani ya wimbo mpya kabla sijamwonyesha ngoma. Amesema ubeti wa pili una mizani moja ya ziada. Nimeangalia, ni “m” ya “mkono”.

Masika yanapiga mabati, hatusikilizani. Mbao za silingi zimelipiwa, 12,000, kutoka faida ya leso na mchango wa 750 kila mmoja. Fundi anakuja Jumamosi asubuhi, mazoezi baada ya alasiri.